Timu Inapotaka Kupanda Daraja, Nani Amehesabu Gharama?

Akina mama wenzetu, huenda baadhi yenu mtashangaa kukuta habari za mpira wa miguu katika kurasa hizi. Tumezoea kuandikiana juu ya lishe ya watoto, malezi na amani ya nyumba. Lakini ni nani kati yetu asiye na mume, kaka au mtoto wa kiume ambaye siku ya mechi hana mazungumzo mengine? Jezi zenye matope tunazifua sisi. Chakula kinapoa mezani kwa sababu mechi bado haijaisha. Timu ikifungwa, sisi ndio tunaoishi na uso ulionuna mpaka Jumanne. Kwa hiyo mpira nao ni jambo la nyumbani, na tunayo haki ya kulisemea.

Sisi tunaishi Mbeya. Kazi yetu ni uuguzi, na tumeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini tangu tulipopata stashahada. Siku za mapumziko tunahudumu kanisani, katika kamati ya akina mama inayotembelea wagonjwa. Hapa mjini kila msimu wa ligi ukielekea mwisho, swali ni moja sokoni, kwenye daladala, hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Je, watapanda?" Sisi tumejifunza, tena kwa uchungu, kuuliza swali jingine: "Je, wako tayari kupanda?" Maswali haya mawili hayafanani, na tofauti yake imewahi kulala katika chumba chetu cha uani, mguu wake ukiwa juu ya mito miwili.

Mkoa wenye kumbukumbu ndefu

Watu wa huku hawaoti ndoto za bure. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya Rungwe kwenye migomba na chai, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya timu kubwa za Dar es Salaam. Mwaka 1999 ubingwa wa Muungano nao ulikuja mkoani, safari hii kwa Prisons. Watoto wa huku wamekua wakisimuliwa habari hizo na baba zao, kama vile sisi tulivyosimuliwa habari za njaa na za nzige.

Kisha ikaja Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji. Mwaka 2013 ilipanda Ligi Kuu. Siku zile Uwanja wa Sokoine ulijaa watu waliovaa zambarau na nyeupe, na hata mama wauza ndizi walijua majina ya wachezaji. Mwalimu Juma Mwambusi aliiongoza, na timu hiyo ngeni ikamaliza msimu wa 2013/14 katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, na juu ya Simba. Azam walikuja kujihakikishia ubingwa wao papa hapa Sokoine, Aprili 2014.

Lakini tukumbuke jambo ambalo washangiliaji hulisahau upesi. Mwaka ule timu zilizopanda zilikuwa tatu: Mbeya City, Ashanti United ya Dar es Salaam na Rhino Rangers ya Tabora. Msimu ulipokwisha, Ashanti na Rhino zilishuka, mwaka ule ule. Zote tatu zilishinda mechi za kutosha kupanda. Zote tatu zilipigiwa ngoma. Moja tu ndiyo iliyosimama.

Hata hiyo iliyosimama haikusimama milele. Mwaka 2023 Mbeya City ilishuka daraja baada ya kushindwa katika mchujo na Mashujaa ya Kigoma. Miaka miwili ikakaa chini, hadi mwaka 2025 ilipopanda tena ikiwa ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar. Mtu akitaka kujua kwamba kupanda ni kazi moja na kukaa juu ni kazi nyingine, hana haja ya kwenda mbali.

Mgeni wetu

Sasa tuwasimulie kilichotufikisha kwenye swali letu. Hatuitaji timu yenyewe kwa jina, wala si mojawapo ya hizo tulizokwisha kuzitaja.

Mwaka 2017 kijana wa miaka ishirini alikuja kukaa nyumbani kwetu. Alitoka kijiji cha Rungwe, na mwanetu wa kwanza alikuwa amesoma naye. Alikuwa amechukuliwa na timu iliyokuwa Daraja la Kwanza, kama ligi hiyo ilivyoitwa wakati ule, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu. Timu ilimwahidi chumba, lakini hakikupatikana. Tukampa chumba cha uani. Watoto wetu wadogo walimwita Winga, kwa sababu alicheza pembeni, na jina likakaa.

Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliamka saa kumi na moja kukimbia, na akirudi anachota maji bila kuambiwa. Posho yake ilikuja mwezi huu, mwezi ujao isije. Mkataba wake hakuwahi kuuona. Alituambia aliweka sahihi kwenye karatasi iliyobaki kwa kiongozi. Tulimlisha kande, viazi na maharage kama wanetu, na kwa kweli tulifurahi naye. Timu ilipofunga, baba watoto alirudi nyumbani akiimba.

Mwanzoni mwa 2018 ligi ilikuwa ukingoni. Zilibaki mechi tatu, na timu ilikuwa na nafasi ya wazi ya kupanda. Ijumaa moja jioni Winga alirudi kutoka mazoezini akichechemea. Tulilishika goti lile kwa mikono yetu. Lilikuwa limevimba, na tulipolisukuma taratibu lilicheza kwa namna ambayo goti zima halichezi. Tukamwambia: "Mwanetu, hili lipigwe picha, nawe upumzike. Usikanyage uwanja mpaka daktari aseme."

Akalia. Alisema, "Mama, nikikosa hizi tatu, tukipanda hawatanisajili. Watachukua wa kutoka nje. Nyumbani wananitegemea."

Tukamwuliza daktari wa timu amesema nini. Akatuambia timu haina daktari. Yupo mzee mmoja mwenye mkoba, anayepuliza dawa ya baridi na kugawa vidonge vya maumivu. Saa mbili usiku kiongozi alipiga simu. Alizungumza kwa heshima sana. "Mama, wewe mfungie bendeji tu vizuri. Mengine tuachie sisi. Mji mzima unamtazama huyu kijana." Baba watoto naye, ambaye ni mtu mwema na tunampenda, akasema ni mechi tatu tu, kisha atapumzika mwaka mzima akitaka.

Akina mama, hapa ndipo tunapoona haya. Tulijua. Hatukudhani, tulijua, maana tumesomea na tumeona magoti mengi. Lakini tuliogopa kuitwa mwanamke aliyeuzuia mji usipande. Tukaleta bendeji, tukalifunga goti lile kwa ustadi wote tuliofundishwa chuoni.

Jumapili uwanja ulikuwa na matope ya mvua. Winga alicheza dakika zisizofika thelathini. Alitaka kumhadaa beki, akakata kuelekea ndani, na hakuna mtu aliyemgusa. Akaanguka. Baadaye alituambia alisikia mlio ndani ya goti, kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Machela haikuwapo. Wenzake walimbeba begani mpaka kwenye gari dogo la mizigo, mguu ukining'inia.

Mechi iliisha kwa sare. Zile mbili zilizobaki hazikusaidia kitu, na timu haikupanda.

Swali la mama mzazi

Siku ya tatu kiongozi alikuja na sukari kilo mbili na shilingi 50,000. Tangu siku hiyo simu yake haikupokelewa.

Mama yake Winga alifika Ijumaa kutoka kijijini, ana kuku mkononi na mkungu wa ndizi kichwani. Alikaa mkekani kando ya kitanda cha mwanawe, akalitazama goti kwa muda mrefu. Swali lake la kwanza halikuwa la mpira. Aliuliza, "Mama nesi, ataweza kushika jembe?"

Kisha akatushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," kwa kumtunza mwanawe na kumfunga bendeji. Shukrani ile ilitushinda kuibeba. Tukamweleza ukweli: kwamba tuliliona goti kabla ya mechi, kwamba tulijua, na kwamba tulimfungia ili acheze.

Hakupaza sauti. Alinyamaza, akafuta mikono kwenye kanga yake, akauliza, "Angekuwa mwanao wa kumzaa, ungemfungia?"

Hatukuwa na jibu. Hata leo tukifunga bendeji wodini, swali hilo hutujia.

Picha zilionyesha kwamba kano ya kati ya goti ilikuwa imekatika kabisa. Hiyo haijishoni yenyewe kama kidonda. Ikitakiwa kurudishwa inahitaji upasuaji, na baada ya upasuaji mazoezi ya miezi tisa au zaidi kabla mtu hajarudi mchezoni. Winga hakuwa na bima. Mama yake aliuza ng'ombe. Kamati yetu ya akina mama ilichanga, na baba watoto alitoa fedha alizokuwa ameweka kwa bati za nyumba, bila kuombwa na mtu, wala hakusema neno. Kijana akapelekwa Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji. Leo ni fundi wa kuchomelea mageti. Anatembea vizuri. Jumamosi hucheza na watoto katika uwanja wa shule ya msingi, ila hakati kuelekea ndani kwa mguu ule.

Kuwa tayari ni nini?

Tangu wakati huo tumejaribu kuelewa ni mambo gani yanayoifanya klabu iwe tayari, mbali na magoli. Tumegundua kwamba wakubwa wa mpira wenyewe wamekwisha kuyaandika. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lina utaratibu wa leseni za klabu, na TFF inausimamia hapa kwetu. Utaratibu huo una mafungu matano: michezo pamoja na malezi ya vijana, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, na fedha. Daktari wa timu yumo katika fungu la watumishi. Mikataba ya wachezaji imo. Hesabu zilizokaguliwa zimo.

Tazameni, akina mama, jinsi jambo hili lilivyo kama nyumba. Binti akichumbiwa, hatuulizi tu kama kijana anapendeza. Tunauliza atalala wapi, atakula nini, akiugua nani atampeleka hospitali. Ndivyo ilivyo kwa timu. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza akae chini kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Tofauti ni kwamba timu isipohesabu, anayelipa ni kijana wa miaka ishirini.

Gharama zenyewe ni nyingi. Msimu wa 2024/25 ligi ya Championship ilikuwa na timu 16, kila moja ikicheza mechi 30. Mbili za juu zilipanda moja kwa moja, na ya tatu na ya nne zikaingia katika mchujo. Fikirini kijana anayesafiri kwa basi kutoka Mbeya hadi Mwanza au Kigoma, akilala njiani, akila chakula cha stendi, kisha anategemewa kukimbia dakika tisini. Mwili uliochoka huumia kwa urahisi. Timu iliyofika juu kwa kubana chakula na usingizi wa vijana haina cha kubana tena itakapokutana na wenye nguvu zaidi.

Moyo nao huchoka au huficha ugonjwa. Juni 26, 2003 mchezaji wa Kameruni, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, akafariki akiwa na miaka 28. Desemba 2016 hapa kwetu, kijana wa timu ya vijana ya Mbao alianguka katika Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki pia. Juni 12, 2021 mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka mjini Copenhagen moyo wake ukiwa umesimama. Waganga walimfikia mara moja, wakakandamiza kifua, wakatumia mashine ya kushtua moyo. Akaishi, hata akarudi kucheza. Hatusemi kwamba kila anayeanguka angeokolewa. Tunasema kwamba pale Copenhagen walikuwapo watu waliofundishwa, na mashine ilikuwa karibu. Mambo hayo hayapatikani siku ya msiba, huandaliwa kabla.

Maswali ya kuuliza kabla ya vigelegele

Kama mwanao anachezea timu, au timu ya mji wenu inakaribia kupanda, msione haya kuuliza haya. Waume zetu huenda wakaguna, lakini waulizwe.

1. Ni nani anayetibu wachezaji, na amesomea wapi? Mtu mwenye mkoba na dawa ya kupuliza si daktari. Je, siku ya mechi kuna machela na gari la kubebea mgonjwa?

2. Ni nani mwenye neno la mwisho mchezaji akiumia? Akiwa ni kocha au kiongozi, kuna hatari. Neno hilo ni la mganga.

3. Mkataba uko wapi? Mzazi aombe nakala, asome, na kama hajui kusoma amtafute wa kumsomea. Humo paandikwe nani atagharimia matibabu.

4. Bima ipo? Kuumia kazini kwa mchezaji si bahati mbaya isiyotazamiwa. Ni sehemu ya kazi, kama fundi na msumari.

5. Wanapashaje miili kabla ya kucheza? FIFA ilitoa mazoezi yanayoitwa 11+, ya dakika kama 20, ambayo hupunguza kuumia, hasa magoti na vifundo. Hayahitaji kifaa zaidi ya mpira. Hata timu ya shule inaweza kuyafanya.

Nyumbani nako tunayo kazi. Mtoto akirudi goti au kifundo kimevimba, apumzike, abandikwe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, afungwe bendeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe juu. Msimkande kwa maji moto wala kumchua kwa nguvu siku za kwanza, uvimbe utazidi. Kidonge cha maumivu kisitumike kumrudisha uwanjani, kwa kuwa maumivu ni mlinzi wa mwili, na mlinzi akilazwa usingizi mwizi huingia. Goti likivimba ndani ya saa chache, au likilegea akikanyaga, apelekwe hospitali. Mtoto aliyegongwa kichwa, akatapika au akasahau mambo, asirudi mchezoni siku hiyo, hata kama ni fainali.

Neno la mwisho

Mbeya City iliporudi Ligi Kuu mwaka 2025, mtaani kwetu honi zililia mpaka usiku. Tulitoka mlangoni tukapiga vigelegele na wenzetu, kwa sababu furaha ya watu wako ni furaha yako. Winga alikuja na watoto watatu mabegani kwa zamu. Baba watoto alimwangalia jinsi anavyotembea, akatuangalia sisi, kisha akaingia ndani kuleta viti.

Kamati yetu sasa ina desturi mpya. Wauguzi wawili huenda Jumamosi kwenye uwanja wa shule wakiwa na barafu, bendeji na machela tuliyoshona wenyewe kwa turubai na miti miwili ya mikaratusi. Juzi kocha wa vijana alituletea mtoto mwenye kifundo kilichovimba, akaomba tumfungie ili amalizie kipindi cha pili. Tulimfungia, tukamkalisha benchi. Kocha alikasirika. Mtoto naye alikasirika. Tulikaa naye mpaka filimbi ya mwisho, tukampeleka kwa mama yake.

Akina mama wenzetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii mkuu ndiye aliyekaa kimya, na guu lililovunjika lilikuwa la mtoto wa mwenzake. Msinyamaze kama sisi tulivyonyamaza.